Yowe la Figo

Maneno haya niliyasema Dar es Salaam mbele ya wagonjwa wa figo, ndugu zao na wanafunzi wa uuguzi, katika wiki ya Siku ya Figo Duniani. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, nikaongeza tarakimu chache ambazo siku ile sikuwa nazo kichwani.

Mwenyekiti, wazazi wangu, ndugu zangu wagonjwa, ninyi mnaowauguza, manesi, na ninyi wanafunzi mliobanana kule nyuma kama mpo kwenye daladala ya Mbagala: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe. Itifaki imezingatiwa, maana nikianza kutaja wakubwa mmoja mmoja, dakika nilizopewa zitakwisha kabla sijaifikia figo.

Asubuhi, pale kwenye meza ya kupimia presha, dada mmoja alinisimamisha. Akanipa shikamoo, nikaitikia, akasema: "Daktari, mimi nataka kumpa mume wangu figo. Vipimo vya kundi la damu vimekubali. Ila wakwe zangu wanasema figo ya mke haishiki, kwa sababu mke si damu. Wanataka atoe mdogo wake, na mdogo wake hataki." Nikamwambia aingie akae mbele. Amekaa mbele, na sitamwonyesha kwa kidole. Hotuba yangu nzima ni jibu lake, ingawa nitapita njia ya kuzunguka.

Wakwe hawakulitoa neno lile hewani. Ndivyo hata sisi madaktari tulivyofundishwa kwa muda mrefu. Tarehe 23 Desemba 1954, mjini Boston, Dk. Joseph Murray na wenzake walichukua figo ya kijana Ronald Herrick wakampandikizia nduguye Richard. Walikuwa mapacha wa kufanana kabisa. Mwili wa Richard haukuona tofauti, figo ikafanya kazi, akaishi miaka 8 zaidi, akaoa na kupata watoto. Kabla ya hapo figo za watu baki zilikuwa zikikataliwa ndani ya siku au wiki chache. Basi somo likaandikwa kwa wino mzito: adui ni ugeni. Mwili hukagua, ukiona si wangu, unafukuza. Kwa hiyo tafuta anayefanana na mgonjwa, kisha mpe mgonjwa dawa za kuwafumba macho wakaguzi.

Somo hilo ni la kweli. Ila halikutosha, na aliyeonyesha kwamba halitoshi hakuwa mtu wa nje. Paul Terasaki, wa Los Angeles, ndiye aliyewapa madaktari miaka ya 1960 kipimo cha kulinganisha tishu za mtoaji na mpokeaji. Mtu wa ulinganifu hasa. Mwaka 1995 yeye na wenzake wakachapisha hesabu za makumi ya maelfu ya figo zilizopandikizwa Marekani. Baada ya miaka 3, kati ya kila figo 100 zilizotoka kwa wazazi, 82 zilikuwa bado zinachapa kazi. Zilizotoka kwa watu waliofariki, 70. Na zilizotoka kwa waume na wake?

85.

Ngojeni, msipige makofi bado, kina mama. Mke na mume hawafanani kitishu kuliko watu wawili waliokutana Kariakoo. Katika hesabu zile, ulinganifu wao ulikuwa hafifu hata kuliko ule wa figo za marehemu, ambazo angalau zilichaguliwa kwa kulinganishwa. Kama ugeni ndio adui peke yake, figo ya mke ilipaswa kushika mkia. Haikushika mkia. Walipochambua sababu, hawakuona kwamba ni umri wa watoaji wala saa za kukaa kwenye barafu. Wakaelekeza kidole kwenye kitu kingine: baadhi ya figo za marehemu zilikuwa zimeshaumia kabla hazijatolewa, pale mwenye nazo alipokuwa anakata roho na presha yake imeporomoka.

Kwa maneno mengine, figo ile ilifika mwilini mwa mgonjwa ikiwa na jeraha, na mwili ukashughulika na jeraha kabla ya kuuliza "wewe wa nani?"

Nimekulia Kahama, miaka ya sungusungu, wale walinzi wa jadi wa kijiji. Vijana wa Dar mnawajua kwa kuhadithiwa tu. Usiku mtu akipiga yowe, mwano, kila mwanamume hutoka na rungu, upinde, filimbi, na huja mbio kule sauti inakotoka. Hakuna anayeuliza jina. Hakuna anayesema tuone kwanza kitambulisho. Usiku mmoja yowe lilipigwa nyumbani kwetu. Hapakuwa na mwizi. Jiko la nyasi lilikuwa limeshika moto. Sungusungu walifika wengi, moto waliuzima, Mungu awabariki. Lakini kulipopambazuka, shamba la karanga nyuma ya nyumba lilikuwa limekanyagwa lote, mtungi wa bibi umevunjika, na mjomba wangu, ambaye alikuwa anarudi na baiskeli kutoka mjini, alikuwa na nundu kubwa kichwani. Walimkuta gizani anakimbia. Ndugu, mwenye nyumba kabisa, na rungu likampata.

Hiyo ndiyo kinga tunayozaliwa nayo. Mwilini tuna askari wa aina mbili. Wako Uhamiaji, seli za T na seli za B; hao hukagua pasi kurasa kwa kurasa, huchukua siku kadhaa kujipanga, na wakishamjua mtu hawamsahau. Na wako sungusungu: neutrofili, makrofaji, seli za dendritiki, seli za NK, pamoja na protini za kwenye damu ziitwazo komplimenti. Hawa hawajui kusoma pasi. Wanajua yowe. Na huja kwa dakika na saa, si kwa siku.

Kwa miaka mingi sisi wa upandikizaji tuliwatazama sungusungu kama watu wa kufagia tu. Mwaka 1989 Charles Janeway alitoa wazo kwamba lazima seli za kinga ya asili ziwe na vipokezi vya kutambua alama za vijidudu, na bila hao kuamka kwanza, Uhamiaji hawatoki ofisini. Ushahidi ulikuja baadaye, na ulikotokea msinicheke: kwa nzi wadogo wanaozunguka ndizi mbivu. Jules Hoffmann na wenzake kule Strasbourg walionyesha mwaka 1996 kwamba nzi asiye na kipokezi kiitwacho Toll huliwa na fangasi hadi anakufa. Miaka 2 baadaye Bruce Beutler akakuta kwa panya ndugu yake Toll, tunamwita TLR4, ambaye hunusa sumu ya bakteria. Wote wawili walipata Nobeli mwaka 2011.

Lakini figo ya kupandikizwa haina bakteria. Imeoshwa, imehifadhiwa, imeshikwa na glavu safi. Nani anapiga yowe?

Mwaka 1994 Polly Matzinger alisema kinga haisikilizi ugeni bali hatari: seli ikivunjika ovyo, vilivyomo ndani vikimwagika, hilo lenyewe ni yowe. Mwaka huohuo, kule Munich, Walter Land na wenzake wakatoa matokeo ya jaribio ambalo mimi nikilifundisha huwa nasimama kidogo. Waliwapa wapokeaji wa figo, wakati wa upasuaji, kimeng'enya cha kuzima oksijeni kali, na wenzao wakapewa kitu kisicho dawa. Kimeng'enya kile hakijui chochote kuhusu pasi wala tishu za nani ni za nani. Ni kizima moto tu. Na bado, walioshambuliwa na ukataaji wa mwanzo walishuka kutoka asilimia 33.3 hadi 18.5. Ukizima moto, Uhamiaji nao wanapungua kuja.

Sasa twendeni thieta.

Wengi hapa mnadhani tunatoa figo mbovu na kuweka nzima mahali pake. Hapana. Mbovu tunaziacha mgongoni zilipo. Mpya tunaiweka chini ya tumbo, karibu na kinena, mara nyingi upande wa kulia, kwa sababu hapo kuna mishipa mikubwa ya damu iendayo mguuni na kibofu kipo jirani. Figo ni kitu kidogo, gramu 150 hivi, inajaa kiganjani. Lakini ikiwa mahali pake, figo mbili kwa pamoja hunywa karibu lita 1 ya damu kila dakika, moja ya tano ya damu yote inayosukumwa na moyo. Ni mlafi wa oksijeni, hasa vijirija vyake vinavyorudisha chumvi mwilini. Siku tunapofunga mshipa wa mtoaji, mlafi huyu ananyimwa ghafla.

Tunampooza. Tunapitisha ndani yake maji ya baridi ya kuhifadhia hadi damu yote itoke, tunamweka kwenye mifuko ya tabaka, tabaka ya nje ina barafu. Kwenye nyuzi 4 kazi ya seli hushuka hadi karibu moja ya kumi. Kushuka si kukoma. Ile moja ya kumi bado inadai chakula, na chakula hakuna. Nishati ya seli inaisha, pampu za chumvi zinasimama, seli zinavimba maji. Ndani ya mitokondria, vile vinu vya nishati, uchafu mmoja uitwao saksineti unarundikana kama taka za soko siku gari la manispaa halikuja.

Mshipa wa ateri umeshashonwa, wa vena umeshashonwa, uzi mwembamba kama nywele. Figo imelala pale ya kijivu, baridi, kama samaki aliyetoka kwenye friza. Mpasuaji anauliza, "Tayari?" Mtu wa usingizi anajibu presha ni nzuri. Vibanio vinaachiliwa. Na mbele ya macho yenu ile kijivu inakuwa ya waridi, inajaa, inakuwa ngumu kidogo, inadunda. Nimeiona mara nyingi na bado sijaizoea. Kisha wote tunakodolea macho mrija wa mkojo uliokuwa bado haujashonwa kwenye kibofu. Tone. La pili. Nesi wa thieta ndiye husema kwa sauti: "Imekojoa!" Sijawahi kusikia neno hilo likisemwa kwa heshima kama linavyosemwa pale.

Na dakika hiyohiyo ya furaha ndiyo ya hatari. Oksijeni imerudi ghafla kwenye vinu vilivyojaa saksineti. Inaungua yote kwa mpigo, umeme wa kinu unarudi nyuma, na zinatoka chembe kali za oksijeni zinazotoboa kuta za seli. Damu tuliyoisubiri kwa saa nzima ndiyo inayowasha moto. Wanafunzi, hapa ndipo wengi wenu hukosea kwenye mtihani: mnaandika kwamba figo iliumia kwa kukosa damu, mnaweka nukta. Nusu ya jibu iko baada ya nukta.

Seli zinapasuka. Vinamwagika vitu ambavyo havipaswi kuonekana nje. Iko protini iitwayo HMGB1, kazi yake ni kukaa ndani ya kiini na kushikilia DNA; ikionekana mtaani, kuna nyumba imebomoka. Iko DNA ya mitokondria, na mitokondria, kama mlivyosoma, ni wajukuu wa bakteria wa zamani sana, kwa hiyo DNA yao bado ina harufu ya bakteria. Sungusungu akiinusa anadhani kavamiwa. TLR4, yule ndugu wa Toll, anaitikia HMGB1 kama anavyoitikia sumu ya kijidudu. Na wapi alipo TLR4? Yupo kwenye seli nyeupe, ndiyo, lakini yupo pia kwenye vijirija vya figo yenyewe. Figo inapiga yowe na figo hiyohiyo inaitikia. Utafiti wa mwaka 2009 ulikuta TLR4 nyingi zaidi kwenye figo za marehemu kuliko za watoaji walio hai. Na figo zilizotoka kwa watu ambao kwa kuzaliwa TLR4 yao ni nzito wa kusikia zilianza kazi mapema zaidi baada ya kupandikizwa.

Komplimenti ni hivyohivyo. Tulizoea kusema protini ya C3 hutengenezwa na ini na kuletwa na damu ya mpokeaji. Watafiti wa London mwaka 2002 walipandikiza kwa panya figo ambazo zenyewe haziwezi kutengeneza C3. Mpokeaji alikuwa na C3 yake ya kutosha kwenye damu. Figo za kawaida zilikataliwa ndani ya wiki 2 hivi. Zile zisizotengeneza C3 zilivuka siku 100. Silaha iliyokuwa inaiua figo ilikuwa inafuliwa ndani ya figo.

Ndani ya saa chache neutrofili wanajaa kwenye vishipa vidogo, wanamwaga vimeng'enya, wengine wanatupa nyavu za DNA yao wenyewe na kuziba njia. Hii ndiyo tunaita mchochota: joto, uvimbe, kukanyaga karanga. Makrofaji wanafuata. Na kisha linatokea jambo ambalo kwangu ndilo kiini. Seli za dendritiki, ambazo zilikuwa zimekaa kimya ndani ya figo kama wazee wa kijiwe, zinaamka kwa yowe lile, zinaokota vipande vya figo, zinasafiri hadi kwenye tezi za limfu na wengu, na zinawakabidhi seli za T wakisema: tazama, na kuna hatari. Bila neno "hatari", seli za T huweza kutazama pasi ngeni na kupiga usingizi. Likisemwa, msako unaanza.

Kwa hiyo sungusungu ndio wanaokwenda kuwaamsha Uhamiaji.

Niliwahi kuiona hesabu hii ikilipwa na mtu. Nilipokuwa masomoni nje ya nchi, hospitali moja ambayo haina haja ya kutajwa, figo ya marehemu ililetwa usiku kwa gari kutoka mji mwingine. Mgonjwa wetu alikuwa fundi cherehani, anasafishwa damu kwa mashine mara 3 kwa wiki kwa miaka 4. Alishafunga kula, alishanyolewa, anatetemeka kwa furaha. Thieta ikawa na dharura. Kisha mtu wa usingizi akabadilishana zamu. Kisha karatasi moja haikuwa na sahihi. Kisanduku cha barafu kilikaa kwenye korido, nilikiona mimi mwenyewe, juu yake mtu ameweka kikombe cha chai. Tulipoifungulia damu figo ile ilikuwa imekaa kwenye baridi saa 22. Ikawa ya waridi, lakini kwa mabaka. Tulikodolea macho mrija. Hakuna tone.

Siku 8 alirudishwa kwenye mashine. Kila asubuhi alikuwa anainama kutazama mfuko wake wa mkojo kabla hajanisalimu. Mililita 40. Mililita 60. Siku moja 35, akageukia ukutani. Siku ya 7 tulichukua kipande cha figo kwa sindano. Uhamiaji hawakuwapo. Kulikuwa na vijirija vilivyokufa na seli nyeupe za aina ya sungusungu. Siku ya 9 mfuko ulikuwa na mililita 700 na yeye alikuwa anaimba. Aliruhusiwa. Baada ya miezi 3 akarudi na kreatinini, ule uchafu wa damu ambao figo huuchuja, imepanda, na safari hii sindano ilionyesha seli za T. Tuliwatuliza kwa dawa, lakini figo ile haikurudi ilipokuwa. Figo iliyochelewa kuamka hukataliwa zaidi baadaye. Hilo limeonekana sehemu nyingi, si kwa fundi wetu peke yake. Kikombe kile cha chai sijakisahau.

Mtauliza: dawa je, zile za kuwafumba macho wakaguzi? Takrolimasi, maikofenoleti, prednisoloni, mnazijua kuliko ninavyozijua, mnazimeza kila siku kwa saa maalumu. Zinafanya kazi kubwa. Lakini takrolimasi na maikofenoleti huwafunga mikono Uhamiaji. Prednisoloni ndiyo inayowagusa kiasi sungusungu. Dawa ya kuzima yowe lenyewe pale vibanio vinapoachiliwa, ile ya kutumika kila siku kila hospitali, bado hatuna. Kimeng'enya cha Munich hakikuwa desturi.

Yaliyofanikiwa zaidi hadi sasa si ya dukani. Ni ya utunzaji. Mwaka 2009 madaktari wa Uholanzi, Ubelgiji na Ujerumani walichukua figo mbili za kila marehemu, watoaji 336. Moja wakaiweka kwenye barafu kama kawaida, ya pili kwenye mashine inayoisukumia maji baridi muda wote. Mtoaji mmoja, tishu zilezile, ugeni uleule. Zilizochelewa kuamka zilikuwa asilimia 26.5 upande wa barafu na 20.8 upande wa mashine, na baada ya mwaka 94 kwa 100 za mashine zilikuwa hai dhidi ya 90. Mwaka 2015 kule California walifanya jambo rahisi kuliko hilo: walimpoza marehemu mwenyewe, ambaye ubongo umeshakufa lakini moyo unadunda, hadi nyuzi 34 au 35, kabla ya kutoa figo. Kuchelewa kuamka kukashuka kutoka asilimia 39 hadi 28. Nyuzi 2 tu za joto. Maana ubongo unapokufa mwili huingia kwenye tufani: presha hupaa kisha huanguka, homoni huvurugika, damu hujaa kemikali za mchochota. Figo huanza kupiga yowe ikiwa bado kwa mwenyewe.

Jambo moja limetushtua wakubwa kwa wadogo. Vitabu vilisema sungusungu hawana kumbukumbu. Sasa tunajua wanayo ya namna yao. Angalieni mikono yenu, kovu la BCG, chanjo ya kifua kikuu. Mihai Netea na wenzake kule Uholanzi walionyesha kwamba seli za monositi, sungusungu wa kwenye damu, za mtu aliyechanjwa BCG huitikia kwa nguvu zaidi hata vijidudu visivyo kifua kikuu, kwa miezi. Na mwaka 2020 ikaonekana kwa panya kwamba monositi na makrofaji waliokutana na tishu ngeni wanaweza kuitambua tena. Nilicheka niliposoma: sungusungu nao wameanza kusoma pasi.

Na hata mwisho wa safari, figo ikishakaa miaka na kingamwili, silaha za seli za B, zikaanza kuing'ata taratibu, wanaotekeleza kazi ni pamoja na seli za NK, sungusungu hao hao. Mwaka 2024, Vienna walichapisha jaribio dogo la watu 22 la dawa ya felzartamabu, inayowapunguza NK na watengenezaji wa kingamwili. Kati ya 11 waliopata dawa, hali ya ukataaji ilitulia kwa 9. Upande wa pili, waliopewa kitu kisicho dawa, 2 kati ya 10 waliopimwa. Watu 22 ni kikundi cha harusi ya watu maskini, kwa hiyo sitawaambia mkaitafute. Nimeitaja mjue mlango umegongwa.

Kwetu hapa, Muhimbili walianza kupandikiza figo Novemba 2017, na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, mwaka 2018. Kabla ya hapo wengi walipanda ndege kwenda India. Figo zetu zinatoka kwa watu walio hai. Watu huliona hilo kama upungufu, kwamba hatuna bado figo za marehemu, na kwa walio kwenye foleni bila ndugu wa kutoa ni upungufu wa kweli. Lakini kwa sungusungu ni neema. Mtoaji wetu ameingia thieta kwa miguu yake, presha nzuri, jana alikula wali.

Swali lilitoka kwa mzee mmoja pale katikati, nalijibu kabla sijakaa. Aliuliza kama anywe zile dawa za kuongeza kinga zinazouzwa kwenye basi, kwa kuwa amepata figo mwaka jana na anataka iwe na nguvu. Mzee wangu, shikamoo, na nakuomba usinywe. Hiyo kinga unayotaka kuiongeza ndiyo yenye marungu. Na hatujui ndani ya chupa ile kuna nini. Balungi pia liache, maana hupandisha takrolimasi kwenye damu hadi figo inaumia kwa dawa yenyewe. Homa ikija, mkojo ukiunguza, usijitibu dukani. Maambukizi nayo ni yowe, njoo siku hiyohiyo.

Na wewe dada yangu wa mbele. Ulinganifu una kazi yake. Shemeji yako angekubali, na vipimo vikamwonyesha anafanana na kaka yake, tungemtazama yeye kwanza. Hakubali, na figo ya mtu asiyetaka haichukuliwi. Taratibu za kamati utazipitia kama kila mtu, na kile kipimo cha mwisho, cha kuchanganya damu yako na yake, lazima kikubali. Kikikubali, waambie wakwe hivi: siku hiyo utalala thieta ya kwanza na mumeo thieta ya pili. Figo yako itatolewa, itaoshwa kwa maji baridi kwenye beseni, itabebwa na mtu mmoja kwa mikono miwili, na mlango wa katikati utakuwa umeshafunguliwa. Nimezihesabu hatua zile. Ni 18.